Msimamizi akichoka: dhana tulizozoea na ukweli wake

Nina miaka tisa nikisimamia zamu kwenye yadi ya makontena upande wa Shimanzi, Mombasa. Kazi hii ina maneno yake kuhusu uongozi, tumeyarithi kwa waliotutangulia na tunayarudia bila kuyapima. Nayaandika hapa kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakipandishwa cheo, na kabla ya miezi sita kwisha wamegeuka watu wengine: macho mekundu, sauti kali, na watu wao wenyewe wanawakwepa. Inaniuma, maana kosa si la tabia zao.

Dhana: Kiongozi wa kweli ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka

Hii niliiamini kuliko zote. Kuna msimu meli zilifuatana, nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri na kutoka kazini karibu na saa sita usiku. Siku moja, yapata saa tano na nusu usiku, dereva wa trela akaniletea karatasi ya kutolea mzigo. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba. Nikaisoma kwenye karatasi, nikamulika tochi mlangoni mwa kontena, nikasoma tena, nikatia sahihi. Karatasi ilisema 47 pale katikati. Mlangoni paliandikwa 74. Hata tarakimu ya mwisho, ambayo imewekwa makusudi kunasa makosa ya namna hii, ilikuwa tofauti. Sikuiona. Mzigo wa mtu mwingine ukatoka getini, tukaupata asubuhi Mariakani.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Karani wa tali, yule anayehesabu na kuandika mizigo, alikuwa amesimama ubavuni mwangu, na yeye aliiona. "Bosi, ulikuwa umekasirika tangu magharibi," akaniambia. "Nikaogopa kukuuliza."

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, jicho na mkono wake hufanya kazi kama za mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama asilimia 0.10. Mimi sijawahi kuonja pombe maishani, na usiku ule nilikuwa nimepita saa 18.

Basi ukweli ni huu: watu wako wanahitaji akili yako iliyo timamu kuliko kivuli chako kukaa yadini. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Siku hizi saa mbili za mwisho za zamu namwachia foromani, na sihesabu kama nimetoroka kazi.

Dhana: Kahawa hurudisha nguvu

Naipenda kahawa chungu, hasa ikiteremka kwenye dele na kashata pembeni. Lakini kafeini haina nguvu ya kukupa. Inachofanya ni kukalia nafasi ya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba mwili umechoka. Uchovu unabaki pale pale, wewe tu husikii sauti yake. Tena nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha baada ya isha bado kinakukesha saa saba za usiku. Kesho unaamka mzito, unaagiza viwili.

Dhana: Bila ukali kazi haiendi

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu dhana hii ina chembe ya kweli ndani yake na ndiyo maana haifi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa mtafiti aitwaye Sy na wenzake. Viongozi wa vikundi vidogo walionyeshwa video, wengine ya kuwafurahisha na wengine ya kuwaudhi, kisha kila kikundi kikapewa hema la kusimamisha, washiriki wakiwa wamefungwa macho. Hali ya kiongozi iliwaambukiza watu wake. Vikundi vya waliokuwa wameudhika vilitumia juhudi kubwa zaidi, lakini vilivyopatana katika kazi ni vile vya waliofurahi.

Ukipiga kelele, kweli watu watakimbia. Lakini yadi yenye foklifti na mzigo unaoning'inia si mahali pa watu kukimbia bila kupatana.

Foromani wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alilijua hilo bila utafiti. Asubuhi moja alinivuta kando.

"Mwanangu, hawa kabla hawajakujibu salamu wanatazama mabega yako. Leo yamepanda."

"Nifanyeje, mzee?"

"Keti kwanza, unywe maji. Mzigo haukimbii."

Tangu siku hiyo, nikivuka feri ya Likoni simu inabaki mfukoni. Natazama maji. Nikifika nanawa uso bombani, ndipo naingia.

Ila nisieleweke kwamba msimamizi avae tabasamu la kuazima. Kujilazimisha uso usio wako kutwa nzima kunachosha, na watu wanaujua. Siku ambayo mtoto amekesha na homa, nasema wazi tukikusanyika: "Jamani, leo sikulala. Nikijibu vibaya si nyinyi. Kila namba isomwe na watu wawili, kwa sauti." Uchovu wangu unakuwa habari ya kazi, kama vile kuwaambia kwamba mashine moja ina breki mbovu.

Dhana: Saa zote za siku ni sawa

Si sawa, na msimu wa kaskazi ndio usiseme. Saa nane mchana bati la kontena halishikiki na mwili wenyewe unasinzia. Maamuzi magumu na mazungumzo mazito nayaweka asubuhi.

Dhana: Msimamizi anayechukua likizo hajali kazi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 12, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haijasema "isipokuwa msimamizi." Mimi nilikaa miaka mitatu nikizichukua siku zangu mojamoja, nikijiona nawafanyia wenzangu wema.

Mwaka jana nilichukua wiki mbili mfululizo nikaenda kwa mama Msambweni. Niliporudi, yule karani wa tali alikuwa ananisubiri mlangoni na fomu yake ya likizo, ameshaijaza. Hakuwahi kuileta hata mara moja katika miaka ile mitatu. Nikaiweka sahihi palepale, juu ya boneti ya gari, nikamuuliza mkewe hajambo.