Je, wajua kwa nini Yanga walimfunga USM Alger kwao na bado wakakosa kombe?

Tarehe 3 Juni 2023, jijini Algiers, Algeria, filimbi ya mwisho ililia matokeo yakiwa USM Alger 0, Yanga 1. Walioshinda mechi wakaenda kuvishwa medali za washindi wa pili. Waliofungwa mbele ya mashabiki wao wakabeba Kombe la Shirikisho Afrika. Mgeni wa mpira angedhani waandaaji wamechanganya majina.

Fainali ilikuwa ya mechi mbili, na ile ya kwanza, Mei 28 kwa Mkapa, uwanja wa nyumbani jijini Dar es Salaam, Yanga walikuwa wamelala 2-1. Jumlisha unapata 2-2. Jumla ikilingana, kanuni za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinauliza swali moja tu: nani kafunga mengi akiwa ugenini? Waalgeria walikuwa na mawili ya Dar es Salaam, Yanga walikuwa na moja la Algiers. Basi, kombe likabaki kule.

Ukitaka kujua kombe liliponyoka wapi, usianzie Algiers. Anzia dakika ya 82 kwa Mkapa. USM Alger walikuwa wametangulia tangu dakika ya 32 kwa bao la Aymen Mahious, na Yanga walisukuma karibu saa nzima bila kitu. Ndipo Fiston Mayele akasawazisha, uwanja ukatetema kwa furaha. Dakika mbili baadaye, watu hata hawajakaa vizuri, Islam Merili akafunga la pili. Kama ile 1-1 ingedumu mpaka mwisho, penalti aliyoifunga Djuma Shabani dakika ya 7 kule Algiers ingewapa Yanga kombe kwa jumla ya 2-1. Dakika mbili tu za kutulia zingetosha.

Sheria hii ina vituko vyake. Baada ya kufungwa 2-1 nyumbani, ushindi wa 1-0 ugenini haukutosha. Ushindi wa 2-1 ungelinganisha kila kitu, hata mabao ya ugenini, na mshindi angetafutwa kwa penalti. Ushindi wa 3-2 ungewapa Yanga kombe. Zote tatu ni ushindi wa tofauti ya bao moja! Kipa Djigui Diarra hakuruhusu hata moja usiku ule, na hesabu hazikumsaidia.

Msimu ule wote Yanga waliishi na sheria hii. Walianza Ligi ya Mabingwa kwa kuwapiga Zalan ya Sudan Kusini jumla ya 9-0. Wakaja Al Hilal ya Omdurman, wakatoka 1-1 Dar es Salaam. Sare ya namna hiyo nyumbani ni deni, kwa sababu mgeni anarudi kwao akijua hata suluhu, yaani 0-0, inampitisha. Al Hilal wakashinda 1-0, Yanga wakatolewa. Kwa utaratibu wa wakati ule, aliyetolewa hatua hiyo aliangukia mtoano wa Kombe la Shirikisho, na huko wakakutana na Club Africain ya Tunisia. Mechi ya Dar es Salaam ikaisha 0-0 na wapo mashabiki waliotaka kocha Nasreddine Nabi afungashiwe virago.

Mimi nasema suluhu ile ndiyo iliyouokoa msimu. Hukufunga nyumbani, sawa, lakini hukufungwa pia, na ukienda kwao bao moja lako linamlazimisha afunge mawili. Stephane Aziz Ki alilifunga hilo moja kule Tunis, kazi ikaisha. Ndiyo maana watangazaji wetu hutofautisha suluhu na sare. Katika mashindano ya CAF, 0-0 ya nyumbani na 1-1 ya nyumbani ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Kwenye robo fainali Yanga walikuwa wameshalielewa somo: Mayele akafunga mawili Uyo, Nigeria, dhidi ya Rivers United, na marudiano kwa Mkapa yakaisha 0-0 bila presha. Nusu fainali dhidi ya Marumo Gallants ya Afrika Kusini haikuhitaji hesabu, walishinda kotekote, 2-0 na 2-1.

Sheria yenyewe ilizaliwa Ulaya. Ilianza kutumika msimu wa 1965/66 kwenye Kombe la Washindi, na Honvéd ya Budapest ndiyo iliyofaidika kwanza, dhidi ya Dukla Prague. Zamani zile kusafiri kulichosha na wageni walizoea kujazana golini kwao, kwa hiyo bao la ugenini likapewa thamani ya ziada ili waje kucheza mpira. UEFA, shirikisho la soka Ulaya, wakaifuta Juni 2021. Takwimu zao zilionyesha kuwa katikati ya miaka ya 1970 timu za nyumbani zilishinda asilimia 61 ya mechi na wageni asilimia 19, lakini pengo limepungua hadi asilimia 47 kwa 30. Tena wakasema sheria imegeuka: sasa anayeogopa ni mwenyeji, asije akafungwa kwake.

CAF waliendelea nayo, na sidhani ni ukaidi. Barani kwetu nyumbani bado ni nyumbani. Tazama kundi la Yanga msimu uleule: pointi 9 kati ya 9 kwa Mkapa, 4 tu kati ya 9 ugenini. US Monastir waliwafunga 2-0 kwao, wakaja Dar es Salaam wakafungwa 2-0. Safari ni ndefu, na joto, nyasi na kelele hubadilika kila nchi. Bao la ugenini Afrika bado lina jasho lake.

Yanga walimaliza msimu na ubingwa wa 29 wa ligi, wakawafunga Azam 1-0 pale Mkwakwani, Tanga, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, na Mayele akawa mfungaji bora wa lile la Afrika kwa mabao 7. Mwaka uliofuata RS Berkane ya Morocco wakaonja shubiri ileile: walimfunga Zamalek ya Misri 2-1 wakiwa nyumbani, wakafungwa 1-0 Cairo, kombe likaenda kwa Zamalek.

Watani wetu Simba, watu wa Msimbazi, waliocheka mwaka 2023 nao wana kumbukumbu fupi. Agosti 2019 Simba walitoka suluhu Beira na UD Songo ya Msumbiji, wakaja kusherehekea mapema Dar es Salaam. Mechi ikaisha 1-1, Simba wakatolewa bila kufungwa hata mechi moja. Bao la Songo alifunga kijana mmoja aitwaye Luis Miquissone. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, Simba wakamsajili.