Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba?

Ukiingia nyumba ya kale ya mji wa Lamu, jaribu kupima chumba kwa hatua. Urefu utapiga hatua nyingi. Upana, mara nyingi, haufiki mita 3. Si uhaba wa ardhi, maana hata matajiri walijenga hivyo. Tazama dari.

Dari hubebwa na boriti za mikoko kutoka misitu ya visiwa vya hukohuko. Wakataji huipanga miti kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Boriti ina kipenyo cha sentimita 12 hadi 14 hivi. Mkoko hurefuka kupita mita 3, ila sehemu yake iliyonyooka kwa unene huo ni fupi. Tena mzigo ni mkubwa: juu ya boriti hulazwa mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa ikashindiliwa mpaka ikakamatana. Boriti ndefu chini ya uzito huo hunepa, sakafu ikapasuka, na maji ya mvua yakapata njia.

Basi fundi aliyetaka nyumba kubwa hakutanua chumba, aliongeza kingine nyuma yake. Kutoka kiwanda, ule ua wa ndani usioezekwa, unapita msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani, vyote sambamba, na kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi. Mgeni wa kawaida huishia daka, penye mabaraza ya mawe karibu na mlango.

Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, ndiyo maana nyumba nyingi za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba.

Adui mkubwa siku hizi ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani. Lipu huanza kubanduka, lakini hilo ni dogo. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza pasipoonekana, huku katikati ya mti kukiwa kuzima kabisa. Fundi mzoefu hugonga boriti karibu na ukuta, si katikati.

Mpangilio huu unaonekana vizuri katika nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho mjini humo. Kwingineko, ukikuta chumba cha mita 4 au 5 ndani ya kuta za kale, inua macho: huenda boriti zilishaondolewa na zege kumwagwa.