Hosti ya bure ina kikomo

Hapa Mbeya nimewasikia mafundi wengi wa tovuti wakimwambia mwenye nyumba ya wageni au kikundi cha wakulima wa parachichi: "Tunaiweka kwenye hosti ya bure, haina kikomo." Kwamba ni ya bure, sawa. Hilo la kutokuwa na kikomo ndilo linalowagombanisha na wateja.

Kuhosti tovuti ni kuweka mafaili yake kwenye seva, yaani kompyuta iliyo hewani saa zote, ili mtu akiandika anwani ayapate. Hosti ya bure ni ile ambayo hulipii nafasi hiyo. Basi.

Kutolipa ni habari ya bei. Kikomo ni habari ya matumizi, na matumizi yanahesabiwa hata kwa asiyelipa. GitHub Pages, mojawapo ya hosti za bure, haitozi kitu kwa tovuti ya kawaida, lakini masharti yake yanataja tovuti isiyozidi GB 1 na data (yaani kiasi kinachopakuliwa na wanaoitembelea) ya GB 100 kwa mwezi, tena yanasema wazi kwamba si mahali pa kuendeshea biashara ya mtandaoni. Huo ni ukarimu. Kuna hosti zinazotoa kidogo mno. Tuseme umepewa GB 1 ya data kwa mwezi, yaani MB 1,000. Mteja wa Tukuyu anakutumia picha kumi za shamba alizopiga kwa simu, kila moja MB 4, nawe unazipandisha zilivyo. Ukurasa tayari una MB 40. Ukifunguliwa mara 25 tu, data ya mwezi imekwisha, na mnunuzi anayefuata anakuta tangazo kwamba akaunti imesimamishwa. Zipunguze hadi KB 200 kila moja, ukurasa uleule utafunguka mara 500.

Wala bure haina maana ya milele. Yahoo iliifunga GeoCities ya Marekani, hosti ya bure, mwaka 2009. Heroku, kampuni nyingine ya kuhosti, iliondoa huduma yake ya bure mwaka 2022.

Kwa hiyo, ndugu zangu mafundi wa Mwanjelwa na Uyole, mwambieni mteja hivi kabla hamjaanza: "Hulipii kitu, ila data ya mwezi ni kiasi hiki, ikiisha tovuti inazimika. Nakala ya mafaili ninayo mimi. Wateja wakiongezeka tutahamia ya kulipia, kwa hiyo anza kutenga fedha." Akikubali, yaandikeni hayo kwenye risiti ya malipo ya awali, asaini.