Maji Yapo, Kisima Kimefungwa: Ielewe Floraidi

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale: "Tumechimba, maji yamepatikana, mbona mnatuzuia?" Kwa wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, jibu mara nyingi ni floraidi, aina ya chumvi ya madini. Hutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hadi mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yenye uhakika wa usalama, na si wote wanaishi jangwani.

Tumeshasema, tunarudia: kuchemsha hakuondoi floraidi. Mvuke unapotoka floraidi inabaki, hivyo kiwango kinapanda. Klorini inaua vijidudu tu. Na kusema "maji yetu ni meupe na matamu" si kipimo. Magadi mnayotia kwenye maharage nayo huwa na floraidi. Anayeumia kwanza ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi. Yakiota yana madoa ya kahawia, hakuna mswaki utakaoyatoa. Viwango vikubwa kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimelifanyia kazi kwa muda mrefu, linasaidia. Ila mkaa huchoka. Usipobadilishwa, unakunywa floraidi ile ile.

Kuhusu utaratibu: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inahusu hata kisima kilichomo ndani ya uzio wako. Anzia ofisi ya bonde la maji la eneo lako (kwa wengi wenu ni Bonde la Pangani), upate kibali kabla mtambo haujafika. Mchimbaji awe na leseni; mwombe akuoneshe. Kuchimba au kutumia maji bila kibali pale kinapotakiwa ni kosa, na "sikujua" haikubaliki kama utetezi.

Sampuli ya maji ya kupima floraidi iwekwe kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho baada ya pampu kufanya kazi kwa muda. Andika mahali, tarehe na saa. Sampuli ya kupima vijidudu ni nyingine kabisa: chupa yake huandaliwa maabara kwa kuuawa vijidudu vyote, kwa hiyo ifuateni huko maabara, wala msiisuuze.