Kwa Nini Raphael Aliichora Michoro Yake ya Mitume Ikiwa Imegeuzwa?

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London imetundikwa michoro saba ya karatasi, kila mmoja ukiwa na kimo cha zaidi ya meta tatu, na baadhi yake ikiwa na upana unaopita meta tano. Raphael, mchoraji wa Italia, na wasaidizi wake waliichora kati ya 1515 na 1516 kwa agizo la Papa Leo wa Kumi, nayo inasimulia habari za Petro na Paulo kutoka Injili na Matendo ya Mitume: wavuvi wakivuta nyavu zilizojaa samaki, kiwete akiinuliwa penye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, Anania akianguka na kufa, Paulo akihubiri Athene. Yote imegeuzwa, kushoto kukawa kulia, mithili ya sura ndani ya kioo.

Sababu ni kwamba michoro hiyo haikukusudiwa kutazamwa na waumini. Ilikuwa mwongozo wa wafumaji wa Brussels, katika karakana ya Pieter van Aelst, waliopewa kazi ya kufuma vitambaa vizito vya kutundikwa kwenye sehemu ya chini ya kuta za Kikanisa cha Sistine huko Vatikani, ambacho dari yake Michelangelo alikuwa ameimaliza mwaka 1512. Katika kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia) cha aina waliyoitumia, nyuzi za mtande, yaani zile zinazonyoshwa kwanza, hutandwa kwa ulalo na mchoro huwekwa chini yake, kisha mfumaji hupitisha kwa kukingamisha mshindio wa sufu, hariri na nyuzi za dhahabu akifuata mistari anayoiona katikati ya mtande. Upande unaomkabili yeye ni mgongo wa kitambaa, na uso wake umeelekea chini, kwenye karatasi. Kitambaa kinapotolewa na kugeuzwa, kila kitu kimehama upande, na ndiyo maana mkono uliotakiwa kubariki ukiwa wa kulia ulipaswa kuchorwa ukiwa wa kushoto.

Kwa maoni yangu, ugumu wa kazi hii haukuwa katika mikono hiyo, bali katika mwendo mzima wa masimulizi. Katika mchoro wa muujiza wa samaki, Yesu ameketi kwenye mashua upande wa kushoto kabisa. Katika kitambaa yuko kulia, hivyo jicho linaloanza kushoto huwapitia kwanza wavuvi waliopinda migongo kwa uzito wa nyavu, kisha Andrea, kisha Petro aliyepiga magoti, ndipo limfikie Bwana. Raphael alilazimika kuupanga mwendo huo huku mkono wake ukichora kinyume chake, na ustadi huo unastahili heshima kubwa.

Ukubwa nao ulitokana na kazi hiyohiyo, kwa kuwa mfumaji hakukuza wala kupunguza kitu. Karatasi nyingi ndogo ziligundishwa pamoja, umbo likachorwa kwa makaa, kisha likapakwa rangi zilizochanganywa na gundi ya wanyama. Huko Brussels michoro ilikatwa vipande virefu ili ienee chini ya mtande. Ilikuwa bado katika vipande Charles, mwana wa mfalme wa Uingereza, alipoinunua mwaka 1623 ili wafumaji wa Mortlake, karibu na London, waitumie tena, na iliunganishwa upya mwishoni mwa karne hiyo.

Rangi zimechakaa kwa namna isiyolingana. Vazi la Yesu katika mchoro wa samaki sasa linaonekana jeupe, lakini kivuli chake majini kimebaki chekundu, kwa sababu sehemu hizo mbili zilipakwa rangi mbili tofauti, na iliyopauka ni ile ya vazi.

Vitambaa saba vya kwanza vilitundikwa katika kikanisa hicho tarehe 26 Desemba 1519, na Raphael akafariki Aprili 1520. Mwaka 2010 vinne kati ya vitambaa hivyo vilipelekwa London kutoka Vatikani na kuwekwa karibu na michoro yake, na watazamaji wakaweza kulinganisha kwa macho yao wenyewe pande zote mbili za kazi hiyo.