Kusafisha Mizizi ya Meno ya Utotoni: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Maswali haya ndiyo ambayo wazazi wa Tanga huuliza wanapoambiwa, katika kliniki ya kinywa na meno, kwamba gego la mtoto limeoza hadi kwenye mshipa na kwamba ipo tiba nyingine zaidi ya kuling'oa. Majibu yanahusu meno ya utotoni peke yake. Mzizi wa jino la ukubwani hutibiwa kwa namna tofauti, na tofauti hiyo itaelezwa mahali pake.

Jino la utotoni litang'oka lenyewe. Kwa nini mtoto ateswe kwa tiba ya mizizi?

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote, na jibu lake linategemea ni jino gani na mtoto ana umri gani. Meno ya mbele huanza kulegea mtoto akifika miaka 6, na kwa kawaida huwa yameshang'oka yote kufikia miaka 8, kwa hiyo jino la mbele lililooza na kuanza kulegea halistahili kusumbuliwa kwa tiba ndefu. Magego hayafuati kalenda hiyo. Gego la kwanza la utotoni hung'oka kati ya miaka 9 na 11, na la pili, lililo nyuma yake, kati ya miaka 10 na 12. Mtoto wa miaka 4 ambaye gego lake la pili limetoboka bado ana miaka sita au zaidi ya kulitafunia, na katika muda huo gego hilo lina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kulishikia nafasi jino la ukubwani linalojiumba chini yake. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utotoni bila jino lolote kung'oka kwanza (ndiyo maana wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze), na likikuta pengo mbele yake husogea kuliziba. Jino lililokuwa liote hapo hukosa pa kutokea, likaota pembeni au likanasa ndani ya taya.

Nitajuaje kwamba uozo umefika kwenye mshipa?

Chini ya tabaka gumu la jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na katika meno ya utotoni kiini hicho ni kikubwa ilhali tabaka linalokifunika ni jembamba, hivyo uozo hukifikia upesi. Mtoto anayeshtuka akinywa maji ya barafu, kisha maumivu yakaisha mara, huenda kiini chake bado kina uhai wa kutosha na jino linaweza kuzibwa tu. Maumivu yanayoanza yenyewe bila kuguswa na kitu, hasa usiku mtoto akishalala, yana maana nyingine: kiini kimevimba kiasi cha kutorudi katika hali yake. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza hutafuna upande mmoja, au hukataa muhogo wa kukaanga aliokuwa akiupenda.

Dalili inayopuuzwa kuliko zote ni maumivu kukoma ghafla. Nyumbani watu hushukuru kwamba jino limepoa, kumbe kiini kimekufa na vijidudu vimeanza kushuka kwenye mizizi. Baada ya wiki au miezi huonekana kijipu kwenye fizi, ambacho hupasuka, hutoa usaha, hunywea, kisha hurudi palepale. Katika magego ya utotoni maambukizi huanza zaidi kati ya mizizi kuliko kwenye ncha zake, kwa sababu sakafu ya kiini ina vijitundu vingi vinavyopitisha usaha. Jino la ukubwani linalojiumba limelala hapo hapo kati ya mizizi, na usaha ukikaa muda mrefu linaweza kuota likiwa na madoa au mashimo.

Usafishaji wenyewe hufanywaje?

Kwanza hupigwa picha ya eksirei, ambayo humwonyesha daktari urefu wa mizizi iliyobaki, hali ya mfupa ulio kati yake, na mahali lilipofikia jino la ukubwani. Bila picha hiyo daktari anafanya kazi kwa kukisia, na mzazi ana haki ya kuiulizia. Kisha mtoto huchomwa ganzi, na jino hutengwa kwa kipande chembamba cha mpira kilichotobolewa ili mate yasiingie ndani ya jino na dawa isimwagike kooni.

Sehemu iliyooza ikishaondolewa, daktari hufungua paa la jino na kukifikia kiini. Kiini kilicho hai hutoa damu nyekundu. Kilichokufa huwa kikavu au hutoa usaha wenye harufu kali, ambayo hata mzazi aliyekaa pembeni huisikia. Gego la chini lina mizizi miwili na la juu lina mitatu, na ndani ya mizizi hiyo kwa kawaida kuna mifereji mitatu au minne, myembamba na bapa kama utepe. Mabaki ya kiini hutolewa kwa faili nyembamba za chuma (vijitupa vya kukwangulia), na daktari husimama milimita 1 au 2 kabla ya ncha ya mzizi, kwa kuwa ncha ya mzizi wa utotoni huwa inaliwa polepole na mwili na chini yake kuna jino changa lisilotakiwa kuguswa.

Faili haiwezi kuzifikia kuta zote za mifereji ya namna hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya usafi hufanywa na dawa ya maji, mara nyingi haipokloraiti ya sodiamu iliyopunguzwa nguvu, ambayo huua vijidudu na kuyeyusha mabaki. Mifereji hukaushwa kwa vijiti vya karatasi, ikajazwa dawa laini, na jino likafungwa. Kama usaha haukauki, daktari huweka dawa ya muda na kumwita mtoto tena baada ya siku kadhaa. Hiyo si dalili ya uzembe.

Dawa inayojazwa ndani hubaki humo hadi lini?

Hapa ndipo tiba hii inapoachana na ile ya watu wazima. Mzizi wa mtu mzima hujazwa gataperka, utomvu mgumu unaokusudiwa kudumu miaka yote. Ukiuweka kwenye jino la utotoni, mzizi utaliwa na mwili kama kawaida lakini gataperka itabaki, na itakuwa kizuizi kwa jino linalopanda. Kwa hiyo mtoto huwekewa dawa inayoweza kuliwa pamoja na mzizi: ama mchanganyiko wa oksidi ya zinki na eujeno, ama ule wa haidroksidi ya kalisi na aiodofomu. Kila mmoja una kasoro yake. Wa kwanza wakati mwingine huchelewa kwisha kuliko mzizi, na wa pili huweza kutangulia kwisha kabla ya mzizi. Mtoto mwenye mzio wa madini ya aiodini asiwekewe wa pili, na daktari aambiwe mapema.

Eujeno ndiyo hiyo hiyo inayoipa karafuu harufu yake, na kwa kuwa huku kwetu tunatazamana na Pemba, karafuu haikosekani jikoni. Waliokuwa wakimwekea mtoto karafuu kwenye jino hawakukosea kuhusu kutuliza maumivu, ila karafuu haitoi kiini kilichokufa, na mafuta yake yasiyochanganywa huunguza fizi. Aspirini kuwekwa juu ya fizi ni mbaya zaidi, nayo mtoto hapaswi hata kuimeza bila agizo la daktari.

Niliambiwa mtoto atakatwa kiini cha juu tu. Je, ni tiba ile ile?

Hapana. Kiini kilichoharibika juu tu, huku sehemu ya mizizini ikiwa bado hai na ikiacha kutoka damu baada ya kubanwa kwa pamba, hukatwa nusu na kuwekewa dawa juu yake. Ni tiba fupi zaidi na, inapofaa, ni bora kuliko kusafisha mzizi mzima.

Kwa nini wanataka kumvalisha kofia ya chuma? Haipendezi.

Gego lililofunguliwa namna hiyo hubaki na kuta nyembamba zinazopasuka kirahisi, na ufa mdogo unatosha kuyarudisha mate yenye vijidudu ndani ya mizizi. Kofia ya chuma kisichoshika kutu hufunika jino lote na hung'oka pamoja nalo wakati wake ukifika. Binafsi naona mzazi anayekubali kusafishwa mzizi kisha akaikataa kofia amelipia nusu ya kazi.

Dawa za kuua vijidudu za dukani hazitoshi?

Hazitoshi, kwa sababu dawa iliyomezwa husafiri ndani ya damu, na jino lililokufa halifikiwi tena na damu. Mtoto hupata nafuu ya siku chache, chanzo kikabaki ndani. Daktari huziandika pale maambukizi yanapotoka nje ya jino, yaani uso umevimba au mtoto ana homa, na hata hapo huambatana na kulitibu au kuling'oa jino. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka chini ya taya, mdomo usiofunguka, shida ya kumeza au ya kupumua, hayo hayasubiri asubuhi: mtoto apelekwe Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, usiku huo huo.

Ni wakati gani kung'oa ni uamuzi bora?

Ni pale mzizi umeshaliwa sana, jino limelegea, sakafu yake imetoboka, au hakuna ukuta wa kushikia kofia. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo unaomweka katika hatari ya maambukizi, au mwenye kinga dhaifu, mara nyingi ni salama zaidi kung'olewa kuliko kubaki na jino ambalo halina hakika. Gego likitolewa mapema, ulizia kifaa cha kutunza nafasi.

Mtoto wangu ni mwoga. Ganzi ina madhara?

Kipimo cha ganzi hufuata uzito, hivyo mtoto apimwe kwanza na daktari aambiwe maradhi na dawa zake zote. Tatizo la kawaida hutokea nyumbani: mdomo na ulimi hubaki na ganzi kwa saa mbili au tatu, mtoto akautafuna mdomo wake kama mchezo na jioni ukavimba kuliko jino lilivyokuwa. Asile kitu cha kutafuna hadi ganzi iishe. Na wakati wa kumwandaa, asidanganywe kwamba hatachomwa sindano.

Baada ya tiba niangalie nini?

Maumivu madogo ya siku moja au mbili ni ya kawaida, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Arudishwe kliniki kila miezi 6, apigwe picha daktari atakapoona inafaa, na kofia ipigwe mswaki ukingoni mwake, pale inapokutana na fizi, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Ubuyu wa sukari unaomung'unywa kuanzia mlango wa shule hadi nyumbani hukaa shavuni muda mrefu kuliko pipi, na huozesha meno ya jirani yasiyo na kofia. Kama lazima aupate, aule pamoja na chakula. Kijipu kikirudi, au jino likianza kucheza kabla ya umri wake, mizizi haijapona, na kwa kawaida hapo jino huondolewa.