Mashine ya risiti: yanayosemwa madukani Mwanza, na ukweli wake

Pita Makoroboi au Kirumba, utaje mashine ya risiti. Utajibiwa upesi: "Hiyo ni ya TRA," yaani ya Mamlaka ya Mapato. Dhana hii imeota mizizi kuliko zote, na haikuzuka hivihivi. Mashine za EFD, yaani zile za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, zilianza nchini mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zikaja na sheria na faini, kwa hiyo wengi walizijua kama mzigo kabla ya kuzijua kama kitendea kazi.

Lakini mashine ya kwanza ya kurekodi mauzo haikuhusu kodi hata kidogo. James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, Marekani, alichoshwa na wahudumu waliokuwa wakimwibia. Akiwa melini kwenda Ulaya akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya pangaboi la meli, akapata wazo la kuhesabu mauzo kwa namna hiyo. Mwaka 1879 akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mtu aliyelengwa kusaidiwa alikuwa mwenye biashara.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukishanunua mashine wizi umekwisha. Wapi! Mashine inajua kilichopigwa tu. Mvuvi akija Kirumba akachukua taa tatu za sola za kuvulia dagaa, muuzaji akapiga mbili, hela ya taa ya tatu inaishia mfukoni na mashine haisemi kitu. Atakayemuumbua ni mzigo: asubuhi taa zilikuwa ngapi, jioni zimebaki ngapi, na mashine inasema zimeuzwa ngapi. Programu nyingi za mauzo zinapiga hesabu hiyo zenyewe, ilimradi uliingiza mzigo siku ulipofika. Wengi wanaruka kazi hiyo, halafu wanalalamika mashine haina faida.

Faida yenyewe utaiona saa ya kufunga duka. Tuseme ripoti ya Z, ule muhtasari wa mauzo ya siku unaotolewa na mashine, inaonyesha mauzo ya siku ni 640,000. Kwenye droo, ukitoa chenji uliyoanzia, kuna taslimu 410,000. Kwenye lipa namba kuna 185,000. Pungufu ni 45,000. Sasa una la kuuliza: kuna mali imetoka kwa mkopo? Kuna mteja aliyetuma hela kwenye namba binafsi ya kijana wa dukani? Bila mashine ungejua hela uliyonayo. Uliyopaswa kuwa nayo usingeijua.

"Daftari linanitosha." Kwa madeni, ndiyo, na hata mwenye mashine asilitupe. Ila daftari huandikwa wateja wakipungua, na kwa kawaida siku ya mauzo makubwa ndiyo yenye kurasa tupu.

Kuhusu umeme kukatika: mashine za EFD zina betri, na mtandao ukipotea zinatunza taarifa mpaka urudi.

Kuna lile swali la kila siku, "Bei ya risiti au bila risiti?", kana kwamba risiti yenyewe ndiyo inayozaa asilimia 18. VAT hutozwa na aliyesajiliwa tu, na tangu 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili ni milioni 200 kwa mwaka. Muuza duka ambaye hajasajiliwa hana haki ya kumwongezea mteja asilimia hizo, awe na mashine au asiwe nayo. Anayefanya hivyo anajitafutia faida kwa jina la serikali, na mimi simwiti mjanja.

Usichanganye pia programu ya kawaida ya mauzo kwenye simu na EFD. Ya simu itakuwekea hesabu vizuri, lakini mteja anayehitaji risiti ya kodi haitamfaa. Risiti halali ina namba ya uhakiki na msimbo wa QR ambao mteja anaweza kuukagua mwenyewe.

Na risiti za manunuzi unazopewa na wauzaji wa jumla usiziache dirishani. Karatasi hiyo hufifia kwa joto, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Zitolee kopi mapema, maandishi yakiwa bado yanasomeka.